Zabuni ya Figo Yangu

Wiki iliyopita mliniacha mlangoni kwa mama, begi moja mkononi, karakana yangu ya makochi imebomolewa kupisha barabara na mume wangu amehamia kwa mpangaji wetu wa chumba cha nyuma. Wengi mmenipa pole. Nashukuru. Lakini pole hizo ziwekeni kwanza, maana wiki hii sina huzuni. Nina hasira, na nitasimulia nikiwa nayo hivyo hivyo. Dada akisoma, asome.

Kwa mgeni wa hadithi hii: mimi ni fundi wa makochi. Nachana kitambaa kilichochakaa, nakagua mbao, nabadilisha sponji, navisha upya. Nyumbani wananiita Sponji. Jina hilo nilipewa na mdogo wetu wa mwisho, kinyozi, ambaye hana adabu kwa mtu yeyote na ndiye tunayempenda kuliko tunavyopendana sisi wenyewe. Mkubwa wetu ni Dada, afisa manunuzi katika ofisi ya serikali. Anayemfuata ni Kaka, dereva wa lori. Kisha mimi. Baba hatunaye tena, mama yupo, na nyumba ni ya mama.

Nilidhani nimerudi kupumzika. Sikupewa hata nafasi ya kufungua begi.

Figo za Kinyozi zilikuwa zimekufa, zote mbili. Alikuwa akienda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, na mimi sikuambiwa kwa sababu, kwa maneno ya mama, nilikuwa na matatizo yangu ya kutosha. Mashine yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka naye. Mishipa ya mkono ilikuwa inaziba mmoja baada ya mwingine, na daktari akasema wazi kwamba anahitaji figo ya ndugu, tena mapema.

Kaka alipimwa, damu yake ikakataa. Alisikitika, lakini usoni alionekana kama mtu aliyeshushiwa mzigo, na hadi leo sijamsamehe uso ule. Mama hawezi kwa sababu ya umri na presha. Tukabaki wawili, Dada na mimi. Tulipimwa damu, wote tukafaa. Damu ya vipimo vya ndani zaidi ikachukuliwa, tukaambiwa tusubiri majibu.

Hapo ndipo Dada alipoleta ubao.

Ilikuwa Jumapili mchana. Aliingia sebuleni na ubao mweupe wa ofisini kwapani, akauegemeza kwenye kabati la vyombo, akatoa peni ya bluu na peni nyekundu kwenye mkoba. Sisi tumekaa kwenye makochi niliyoyavisha kwa mikono yangu. Kinyozi hakuwepo, alikuwa kwenye mashine.

Akatueleza taratibu, kwa ile sauti yake ya mikutano. Jambo hili ni kubwa na lina pande nyingi. Tukiliamua kwa machozi tutagombana maisha yetu yote. Ofisini kwao, wakiwa na jambo la pande nyingi, wanaweka vigezo. Kila kigezo kinapewa uzito wake. Kila mzabuni anapewa alama kwa kila kigezo, alama zinazidishwa kwa uzito, zinajumlishwa, na mwenye namba kubwa anachukua kazi. Hakuna anayelalamika.

"Namba haina upendeleo," akasema.

Akaandika majina mawili juu. La kwake aliliandika lote, na cheo. La kwangu aliandika Sponji.

Kisha vigezo vikashuka kwa bluu. Watu wanaomtegemea. Kazi anayofanya. Umri. Afya. Uzito mkubwa kabisa ukaenda kwenye watu wanaomtegemea. Dada ana watoto, mimi sina. Dada ana ajira, mimi karakana yangu ni kifusi. Dada ana mume, mimi nimeachwa. Kila nilichokikosa maishani kiligeuka kuwa alama. Nilikaa nikitazama peni nyekundu ikinijumlishia hasara zangu moja baada ya nyingine, na namba yangu ikipanda.

Dada akachora mstari chini, akapiga duara kwenye namba yangu.

Mama hakuwa amefuatilia hesabu. Aliona tu kwamba mimi ndiye niliyepata nyingi. Akanigeukia, uso umemchangamka, akasema, "Hongera, mwanangu."

Kaka akakohoa na kuanza kutafuta rimoti ambayo alikuwa ameikalia.

Niliuliza swali moja. Niliuliza figo yenyewe iko wapi pale ubaoni. Ikikataa mwilini mwa Kinyozi, je? Nikitoa, ikakaa mwaka ikafa, je? Nikibaki mimi ndiye mgonjwa, je? Dada akajibu kwamba hayo ni ya daktari, hayajulikani, na kitu kisichojulikana hakiwekwi kwenye tathmini. Sisi kazi yetu ni kumpata mtoaji.

Nikamwambia kwamba katika kazi yangu sitaji siku ya kumaliza wala sisemi kochi litapona kabla sijachana kitambaa. Kwa nje unaona maua, ndani mbao zinaweza kuwa zimeliwa zote.

"Hapa hatutengenezi kochi," akasema Dada.

"Ndiyo. Mwenye kochi huwa namuuliza anataka nini."

Nikatoka. Nilifunga mlango kwa nguvu mpaka vyombo kabatini vikalia, na nilitamani ubao uanguke. Haukuanguka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wapo watakaosema huyu ni mchoyo tu. Ningetoa. Mngeniita pembeni mkaniambia Sponji, mdogo wako anakufa, unaweza? Ningekwenda na ndala miguuni. Kinyozi nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuta chini. Lakini hakuna aliyeniomba. Nilishindanishwa, nikashinda, nikapewa hongera kwa kutokuwa na mtu wa kunililia.

Jumanne nilikwenda hospitali. Njiani kwenye korido nikamnasa daktari. Nilimuuliza yale ambayo ubao haukuwa nayo, naye hakunizungusha. Akasema figo yangu inaweza kumfaa Kinyozi, si kwa ubora wote, lakini inaweza. Inaweza kukaa miaka mingi. Inaweza kukataliwa mapema, tukarudi kwenye mashine, sote wawili tukiwa na kovu. Kwa upande wangu, watoaji wengi wanaishi vizuri na figo moja, wachache hawaishi vizuri, na hawezi kuniapia nitaangukia upande upi. Nikamuuliza habari za figo ya Dada. Akasema hiyo ni siri ya Dada.

Kinyozi alikuwa amelala, mkono mmoja umefungwa mirija, uso umevimba. Alinitazama kichwani kabla hajanisalimia.

"Nywele hizo ulinyolewa na shemeji wakati anatoroka?"

Nikacheka. Ndivyo alivyo, anaweza kuwa anakufa na bado akaona kisogo chako hakijanyooka.

Alikuwa ameshasikia habari ya ubao. Mama alimpigia simu kumpa habari njema. Akatazama damu yake ikizunguka ndani ya mashine, kisha akaniambia nisogee.

"Sponji, nikuambie kitu, lakini usinipigie kelele humu ndani. Kuna wagonjwa."

"Sema."

"Majibu ya Dada yale ya ndani yalitoka. Figo yake inanifaa kuliko yako. Kwa mbali. Alikuja hapa kuniambia, akalia, akaniomba nisimwambie mtu."

"Lini?"

"Kabla ya ubao."

Nilikaa chini. Muuguzi akanitazama, nikamwonyesha kwa mkono kwamba sijambo.

Inabidi niwaeleze kwa nini jambo hili liliniingia moyoni namna ile. Dada ana hadithi moja. Tukikutana tu, anaisimulia, watoto wake wanaijua kwa moyo. Miaka ya nyuma mkuu wake wa kazi alisubiri bahasha za zabuni zifunguliwe, akaona nani ameweka nini, ndipo akataka kubadilisha uzito wa vigezo ili rafiki yake apite. Dada akakataa kutia sahihi. Wakamhamishia stoo, akakaa huko akihesabu mifagio, mpaka mkuu yule akaondolewa naye akarudishwa kwa heshima. Kila mara anamaliza kwa kusema kwamba vigezo vinawekwa kabla bahasha hazijafunguliwa, na ukivigusa baada ya hapo wewe ni mwizi.

Na yeye alifungua bahasha. Akajiona ndani. Kisha akaja sebuleni kwa mama na vigezo vyake vinne, na kigezo cha nani anamfaa mgonjwa hakimo. Tena alikuwa mzabuni na mtathmini kwa wakati mmoja. Angemkuta mtu ofisini kwao anafanya hivyo, angemfukuzisha kazi.

Kinyozi akasema hataki figo yangu. Akasema hataki figo ya mtu aliyeshindishwa.

"Halafu mbona hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini?" akaongeza. "Mnanijadili kana kwamba nimeshazikwa."

Nikamuuliza anataka nini.

"Nataka kusimama. Kunyoa ni kusimama, hakuna kingine. Lakini nisimame huku nakuona wewe umeinama kwa ajili yangu, bora nikae."

Nikamwambia afunge mdomo, hana haki ya kukataa kitu ambacho bado hajapewa. Nilimkasirikia naye. Siku ile hakukuwa na mtu ambaye sikumkasirikia, hata mlinzi wa getini aliyenitakia siku njema.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Dada.

Mnaijua ofisi kama ile. Mafaili hadi dirishani, kalenda ya mwaka jana, na pale karibu na mlango lile sanduku la chuma la kutumbukizia zabuni, lina kufuli mbili na funguo zinashikwa na watu wawili tofauti ili mmoja asidanganye. Nilifunga mlango nyuma yangu. Dada akajua. Hakuuliza nimefuata nini.

"Ubao ule uliuandika mara ngapi?" nikamuuliza.

Akaisogeza stepla, akainyoosha sambamba na ukingo wa meza. Akairudisha ilipokuwa.

"Mara ya kwanza niliuandika kwangu, peke yangu," akasema. "Kwa haki. Niliweka na kigezo cha nani anamfaa. Nikashinda mimi."

"Halafu?"

"Halafu nikaongeza uzito wa watoto. Nikashinda tena. Nikaongeza na wa kazi. Nikashinda tena mimi. Ndipo nikakitoa kile kigezo cha kumfaa. Ukashinda wewe."

Alisema bila kulia. Afadhali angelia, ningepata pa kushika. Nilimuuliza kwa nini hakusema tu kwamba anaogopa. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hakupaa.

"Ningemwambia nani? Baba alipofariki mimi ndiye niliyesimama. Mama alikuwa analia chumbani, mimi niko jikoni nawapikia. Kinyozi nilimwogesha mimi. Ningewaita wote niwaambie naogopa?"

"Ndiyo."

"Daktari amenieleza hatari ni ndogo. Kaniandikia na asilimia. Sponji, mimi siogopi kwa asilimia. Naona wanangu wamekaa kwenye lile benchi la hospitali, mtu anatoka mlangoni kuwaambia. Hicho ndicho ninachokiona kila nikifumba macho."

Hapo hofu yake niliiona kidogo. Nakiri, niliona. Lakini hasira haikutoka, ilisogea tu ikakaa pembeni ya huruma, na vyote viwili vikaanza kusukumana kifuani.

"Kuogopa si kosa," nikamwambia. "Ungeniambia naogopa, nenda wewe, ningekwenda, na ningekupenda vile vile. Kosa ni kunitafutia mimi sababu. Umeizunguka nyumba nzima ukikusanya yaliyonipata, ukayaweka ubaoni mbele ya mama, ukayajumlisha."

"Nisamehe."

"Sijui."

Akauliza nitafanya nini. Nikamwambia mimi ndiye nitakayejua, na ubao wake autumie kuandikia ratiba ya chai.

Nilitoka hapo nikaenda kwenye karakana yangu, yaani mahali ilipokuwa. Kulikuwa na tingatinga limelala na kipande cha ukuta wangu bado kina rangi ya kijani. Nikakaa juu ya matofali, juani, watu wanapita wananitazama.

Nikajiuliza kama ninavyowauliza wateja. Mteja anakuja anataka kochi liwe laini, lisibonyee, na liwe tayari kesho. Vyote haviji pamoja. Sponji laini inabonyea, sponji ngumu inauma makalio, na haraka inaharibu zote mbili. Basi huwa simuulizi anataka nini zaidi, maana atasema vyote. Namuuliza akikosa kipi atanitukana kwanza. Hapo ukweli unatoka.

Mimi nilitaka Kinyozi asimame. Nilitaka nibaki na mwili wa kubeba fremu za makochi, maana ndiyo kazi ninayoijua. Nilitaka pia, na hili linaniuma kulisema, Dada alipe. Nikajiuliza nikikosa kipi nitajitukana kwanza. Jibu lilikuja upesi, na halikuwa lile la Dada kulipa.

Kisha nikaingia upande wa giza, ule ambao ubao uliukwepa. Nikitoa, ikakataliwa, nitajisikiaje? Vibaya sana, lakini ningeweza kuamka asubuhi. Nisipotoa, Kinyozi afe, nami najua nilikataa ili tu Dada abanwe? Hapo sikuona namna ya kuamka. Nilizungusha vile, nikazungusha hivi, kila njia ilikuwa na mwisho mbaya ndani yake, lakini mwisho mmoja ningeweza kuubeba na mwingine usingebebeka.

Nikainuka, nikapangusa vumbi nguoni. Nilikuwa nimeamua. Na nilikuwa bado nimekasirika, msidhani mtu akiamua jema hasira inaisha.

Hospitali walinikubali kwa kipimo cha mwisho, picha ya tumbo lote, ya mashine kubwa. Kabla ya hapo mama mmoja mshauri alinikalisha chumbani akaniuliza kama kuna mtu aliyenishurutisha.

"Nimekasirishwa," nikamwambia. "Sijashurutishwa."

Akaandika kitu, akatabasamu, akanipitisha.

Nililala kwenye mashine ile nikiwa nimetulia kuliko nilivyotulia tangu karakana ibomolewe. Kwa mara ya kwanza katika mwaka huu mbaya kulikuwa na jambo lililonitokea kwa sababu mimi nimetaka. Mume aliondoka kwa kupenda kwake, barabara ilipita kwa kupenda kwao. Hili lilikuwa langu.

Daktari alichelewa kuniita. Aliponiita, alikuwa amesimama na picha yangu imewashwa ukutani, naye anaitazama mkono kidevuni. Akanivutia kiti. Wagonjwa wenzangu mnajua, daktari akikuvutia kiti, jiandae.

"Hujawahi kuumwa figo?" akauliza.

"Sijawahi."

"Hujawahi kufanyiwa upasuaji wowote?"

"Sijawahi hata kushonwa kidole, na mimi nafanya kazi na sindano."

Akaniita karibu na picha. Akaweka kidole upande mmoja, akanionyesha umbo kama harage kubwa. Akapeleka kidole upande wa pili. Pale hapakuwa na kitu. Kulikuwa na utumbo tu umejikunja, umepata nafasi.

"Umezaliwa na figo moja," akasema. "Watu wa namna yako wapo, wengi wanaishi mpaka uzee bila kujua. Hii yako imekua kubwa, inafanya kazi ya mbili. Lakini huna ya kutoa. Mimi siwezi kukugusa."

Nilicheka. Nilicheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuchungulia. Zabuni nzima, vigezo, uzito, hongera ya mama, na mzabuni aliyeshinda hana bidhaa. Hakuna aliyechana kitambaa, hata mimi mwenyewe ninayejifanya najua kuchana.

Sasa nakiri jambo, na ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Kicheko kilipokwisha, nilisikia furaha. Furaha ya kwanza ilikuwa ya kuokoka. Niliamua kwa moyo wangu wote kutoa, na bado mwili ulishukuru. Hiyo nadhani mtanisamehe. Furaha ya pili ilikuwa chafu. Nilimwona Dada amekaa kwenye kiti chake cha ofisini, hana vigezo vya kubadilisha tena, hana jina la pili la kuandika juu ya ubao. Nikasema moyoni, sasa na wewe ushinde. Nililionja neno lile mdomoni na lilikuwa tamu.

Daktari alikuwa bado anaongea. Alikuwa anasema kwamba amemtazama Kinyozi asubuhi, mkono uliobaki hautadumu, na hatuna nafasi ya kutafuta mtu mwingine nje ya ukoo. Anabaki nani? Hakumtaja. Hakuhitaji kumtaja. Akauliza kama nataka atoke nami awaeleze ndugu zangu. Nikasema nitawaeleza mwenyewe.

Nilitoka nikiwa nimelishika lile neno tayari. Nilikuwa nimeshalipanga, kwa upole wa kinafiki, mbele ya mama.

Walikuwa kwenye benchi la korido. Kaka anatazama viatu vyake. Mama ameshika leso, macho yamemvimba. Dada alisimama aliponiona. Hakuwa amevaa nguo za ofisini, wala hakuwa na mkoba. Sijui lini mara ya mwisho nilimwona Dada hana mkoba.

"Nimewaambia," akasema. "Yote. Habari ya majibu yangu, na mara zote nilizoandika ule ubao. Mama nimemwambia hongera aliyokupa ilikuwa ya nini."

Mama akafunika uso kwa leso. Kaka akasema kwamba ubao ameutupa, ameukanyaga na lori ili kuwa na hakika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kaka kufanya kitu katika jambo hili lote.

"Sponji," akasema Dada. Akaikunja mikono kwapani. "Sikuja kukwambia kwamba nitatoa. Ningependa kusema hivyo, lakini nitakuwa nakudanganya tena. Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Niache niamue. Bila ubao, bila mama kulia, bila mtu kunisukuma. Wewe ulipata kukaa mahali ukajiuliza, ukajijibu. Kaka aliniambia alikuona juu ya matofali. Mimi sijawahi kupata hilo, nilianza kukimbia siku ile ile ya majibu. Naomba nikae na mimi nijiulize kama mtu ambaye anaweza kusema hapana. Nikisema ndiyo, nataka iwe ndiyo yangu."

Nilimtazama. Neno langu tamu lilikuwa bado mdomoni.

Nikiwaambia sasa, Dada hana tena hapana. Atapanda kitanda kile akisukumwa na tumbo langu tupu, na kila siku ya maisha yake atajua kwamba hakuchagua. Nitakuwa nimemfanyia kile kile alichonifanyia, tena bila peni. Nisipowaambia, nimpe nafasi anayoiomba, kila saa anayojiuliza Dada ni mshipa mwingine unaoziba kwenye mkono wa Kinyozi. Na Dada akisema hapana, akitegemea kwamba nyuma yake nipo mimi?

Kule ndani, nyuma ya milango miwili, nilimsikia Kinyozi anamcheka muuguzi kuhusu nywele zake.

"Haya, kaa," mama akaniambia, akanisogezea nafasi kwenye benchi. "Umekaa sana huko ndani. Daktari amesema nini?"

Wote wakaniinulia macho. Dada ndiye aliyenitazama kuliko wote, na usoni mwake, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki, hakukuwa na mtu mkubwa. Kulikuwa na dada yangu tu, anaogopa, ananingoja nimjibu.

Nikabaki nimesimama.